Usiyapokee Yale Maboksi, Baba

Mchafukoge,
Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yangu, mwambie nyingine nitampa mwenyewe siku nikirudi. Goti la Bibi linaendeleaje na baridi ya huko? Na yule ndama aliyekuwa hataki kunyonya, ameshapata nguvu? Huwa nawafikiria jioni, saa Mama anapokata majani ya ng'ombe, na najiuliza ni nani anamshikia kamba siku hizi.

Mimi mwili ni mzima. Joto la hapa ni lile lile, natoka jasho hata nikiwa nimekaa, lakini siumwi. Kisicho kizima ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini simu ninayoongea nayo ni ya mama mdogo, na yeye huiweka sauti ya juu, halafu anailaza mezani karibu na chupa ya chai, kila mtu asikie. Na mimi unanijua, Baba. Hata darasani mwalimu akiniuliza nilikuwa nainamisha kichwa, ila nikipewa karatasi najibu. Kwa hiyo nipe karatasi. Nimekaa kwenye ngazi za kupandia paani, watoto wako tuisheni, na barua hii nitampa yule mama jirani yetu anayeuza mitumba. Amekuja kufungasha mzigo Kariakoo na anarudi kwa basi. Nimemwomba akupe mkononi, asimpe mtoto.

Nianze na lililo kubwa, ili hata ukiishia hapa uwe umelipata. Baba mdogo akikutumia yale maboksi ya busta, ile mbolea yake ya chupa, usiyapokee. Usiyauze sokoni, usiinyunyize mgombani kwetu, na usimwambie tena mtu yeyote kanisani kwamba mchicha wa kwenye ile picha umenona kwa busta. Haikuwa busta. Tuliukuza mimi na watoto, kwa maganda ya ndizi na mavi ya kuku, kama Bibi alivyonifundisha.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, nawe uamue.

Mliponiaga mlisema nakuja kusubiri matokeo ya kidato cha nne huku nikisoma kompyuta. Kompyuta niliyoiona ni ile ya dukani, na kazi yangu kwayo ni kuifuta vumbi. Asubuhi nawaandaa watoto wa baba mdogo, Doreen na Elia, kwa shule, nafua, napika, mchana naenda kufagia duka lake la pembejeo na kupanga chupa za dawa na busta kwenye rafu, kisha nawahi kuwapokea watoto. Sisemi haya kulalamika, nilijua nakuja kwa ndugu na si hotelini. Nayasema ili uelewe kwa nini bustani ilikuwa kitu kikubwa kwangu. Ndicho pekee nilichokuwa nakifanya hapa bila kutumwa.

Tunakaa ghorofa ya tatu. Juu yetu ni paa tupu lenye matangi ya maji na kamba za nguo. Pale juu kulikuwa na mmea mmoja tu, mrehani wa bibi wa Kihindi tunayepakana naye mlango. Watoto wote wa ngazi yetu wanamwita Ba, maana mjukuu wake Hetal humwita hivyo. Kila asubuhi Ba hupanda na kikombe cha maji, humwagilia ule mrehani, huuzunguka na kuuombea. Kwao si mboga, ni mmea wa ibada. Mimi nilipokuja nilileta mizizi ya sale kutoka kwenye mpaka wetu na Mzee jirani, nakumbuka uliicheka, ukasema, "Utapanda wapi, juu ya lami?" Niliipanda kwenye ndoo iliyotoboka, nikaiweka karibu na mrehani wa Ba. Elia akaniuliza, "Dada Manka, hii na yenyewe inaombewa?" Nikamwambia hapana, ya kwetu inaombea watu. Nikamweleza kwamba ukimkosea mtu unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea, naye hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Akaniuliza, "Hata kama umevunja tivii?" Nikamwambia hata tivii.

Elia ana miaka sita. Alikuwa hajawahi kushika udongo. Siku ya kwanza alipoona mnyoo alilia akakimbilia nyuma ya tangi, na Doreen, ambaye ni mkubwa wake, akasema, "Dada mshamba kweli, anashika minyoo halafu ndiyo anatupikia!" Hetal ndiye aliyeuchukua mnyoo kiganjani, akamtania Elia hadi naye akanyoosha kidole. Baada ya wiki chache walikuwa wanagombania nani apewe mnyoo mnene.

Tulianza na mabeseni yaliyopasuka, masufuria yasiyo na mikono na magunia ya mbolea yaliyobaki dukani. Udongo tuliupata kwa fundi aliyekuwa anachimba msingi nyuma ya mtaa. Maganda nilikuwa nayafuata sokoni kwa mama mmoja anayeuza ndizi, mtani wetu Mpare, kila siku ananiuliza, "Mbuzi hajambo?" Aliamini kabisa nafuga mbuzi ghorofani na namficha. Nikimwambia sina mbuzi anawaambia wenzake, "Mmemsikia Mchaga? Anaogopa tutamwomba supu!" Wabeba mizigo nao wakanipa jina. Nikipita na ndoo yangu wanapiga kelele, "Oya, pisheni, Dada Maganda anapita!" Mwanzoni nilikuwa nataka ardhi inimeze. Baadaye nikawa najibu, "Poa," na kupita. Kwangu mimi hilo si jambo dogo, Baba.

Mavi ya kuku niliyapata kwa wauza kuku, wakafurahi kuyaondoa. Na hapo nilikosea kosa ambalo ungenicheka: niliyaweka yakiwa mabichi, nikidhani joto la Dar litayaivisha haraka. Miche yote ya kwanza iliungua, ikalala kama uzi. Elia aliililia kama vifaranga vilivyokufa. Nikamwonyesha: hapa ilikula chakula cha moto. Tukarundika upya, tukafunika na magunia, tukasubiri. Watoto walikuwa wanaingiza mkono kila siku kupima joto la lundo, mpaka siku moja Hetal akasema, "Limepoa, linanukia mvua." Ndipo tukapanda.

Baba, sijui kama naweza kukueleza ule mchicha. Majani yalikuwa mapana kama kiganja chako. Hatukununua dawa hata moja, ingawa duka zima limejaa dawa. Vidukari vilipokuja tuliponda pilipili kichaa na kitunguu saumu, tukachanganya na majivu ya mkaa. Maji ya kuoshea mchele ndiyo tuliyonyweshea. Doreen, yule wa kunicheka, alikuwa anachuma majani na kugawa mlango kwa mlango, na Ba akatuletea chapati nyembamba alizopika na mchicha wetu ndani. Alisema, "Kitu ya mkono ya mtoto, tamu." Nilikula nimesimama, maana niliona nikikaa nitalia.

Sasa fikiria furaha yangu baba mdogo alipopanda juu mwenyewe. Alikuja kuangalia tangi linalovuja. Akasimama, akainamia beseni, akageuza jani.

"Haya mmeyafanya nyie?"

Elia akasema, "Sisi, Baba! Na Dada!"

"Yamenona kweli kweli," akasema. Akanipiga begani, akashuka anapiga mluzi. Siku hiyo nilipika nikiimba, na mimi siimbi.

Kesho yake akapanda na mteja. Alikuwa mama mmoja anayelima mchicha bondeni, kule karibu na mto Msimbazi, mama mwenye viganja vyeusi kwa udongo kama vya Mama. Nilikuwa naanika nguo. Baba mdogo ameshika chupa ya busta, ile mbolea ya maji inayonyunyiziwa kwenye majani. Akamwambia, "Mama yangu, mimi siuzi maneno, nauza macho. Angalia. Hakuna shamba hapa, hakuna udongo, ni zege. Hii kitu inaotesha hata kwenye sufuria!"

Yule mama akainama, akashika jani kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Elia alikuwa pembeni na kopo lake. Akasema kwa sauti ya kujivunia, "Hatuweki hiyo! Tunaweka mavi!"

Yule mama akacheka hadi akashika kiuno. "Jamani mtoto huyu!"

Baba mdogo naye akacheka. "Huyu amerithi utani wa babu yake. Twende chini, mama, nikupe bei ya jumla."

Na yule mama akanunua. Nilimwona kutoka juu akitoka na mfuko.

Jioni niliitwa sebuleni. Baba mdogo hakunipiga wala hakupaza sauti, nisimsingizie. Alisema, "Manka, unanifundishia wanangu kunidhalilisha mbele ya wateja. Unakula nini hapa? Unakula hiyo busta unayoidharau." Mama mdogo akaongeza, "Mtoto wa kike anatakiwa awe na haya." Haya! Mimi, Baba. Mimi ambaye haya zimenijaa hadi siwezi kuomba chumvi mezani. Na watoto wakakatazwa kupanda paani.

Siku mbili tatu nyumba ilikuwa nzito. Elia hakula vizuri. Kisha asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo, baba mdogo akaja jikoni. Ameshika jani la sale. Alikuwa ameifuata paani kwenye ndoo yangu, akalikata, akalifunga fundo vizuri kama wazee wanavyofunga, na akanipa kwa mikono miwili. Mtu mzima, Baba, mdogo wako wa tumbo moja, akanipa mimi mtoto.

Akasema, "Mwanangu, nilisema maneno makali. Yaishe."

Nililia. Nililipokea. Ningefanya nini kingine? Nilimsamehe kweli, kwa moyo wote, nikajiona nimefanya dhambi kumfikiria vibaya. Watoto wakaruhusiwa tena. Nililiweka lile jani ndani ya Biblia yangu.

Ndipo Jumamosi hiyo hiyo akapanda na simu na chupa. Akamsimamisha Elia katikati ya mchicha, akampa chupa ya busta aishike kifuani, akamwambia, "Cheka, mwanangu." Elia akanitazama mimi, si kamera. "Dada, hii ndiyo tunayotumia?"

Nikafungua mdomo. Baba mdogo hata hakunigeukia. Alisema kwa upole kabisa, "Manka, mimi na wewe si tulishayamaliza?"

Baba, nilihisi kama nimefungwa lile jani mdomoni. Hakuwa ameniomba msamaha kwa ajili ya ule uongo. Aliniomba kwa ajili ya maneno makali, na uongo akaubakiza, na mimi nilishapokea. Tangu nikiwa mdogo naambiwa aliyepokea sale hafufui neno. Nilitazama chini, na Elia akacheka kama alivyoambiwa. Hiyo ndiyo picha uliyotumiwa.

Jumapili Mama akapiga. Simu mezani, sauti juu. "Manka mwanangu, baba yako hajalala kwa furaha! Ameipeleka picha kanisani, kila mzee wa kanisa ameishika. Anasema na yeye ataichukua hiyo busta, atakuwa wakala wa huku kwetu, na baba yako mdogo anatuma maboksi hivi karibuni. Watu wameshaanza kuulizia!" Mama mdogo akapiga makofi. Mimi nikasema, "Haya Mama, asante." Nilikuwa nataka kusema na mengine, lakini hakuna aliyekuwa ananiangalia isipokuwa baba mdogo.

Nadhani ningeendelea kunyamaza hata baada ya hapo. Najiambia kwamba ningesema, lakini sina hakika. Kilichonitoa hapo ni yule mama wa mchicha.

Alirudi dukani. Nilikuwa nafagia, na Elia alikuwa chini ya meza anacheza na vifuniko vya chupa. Yule mama hakuja kugomba. Alikuja kuuliza kosa lake. Alinisalimia mimi kabla ya kumsalimia baba mdogo, akasema, "Mwanangu, nimenyunyiza kama nilivyoelekezwa, lakini wangu umekonda tu. Wewe ulifanyaje?" Aliniuliza kama mkulima anavyomuuliza mkulima mwenzake. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu namna ile.

Baba mdogo akawahi. "Umeweka kidogo, mama yangu. Ongeza kipimo. Hii kitu ukiionea huruma na yenyewe inakuonea huruma." Akachukua chupa nyingine rafuni. Yule mama akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Alipotoka nilimfuata hadi mlangoni, nikamwita, "Mama," akageuka, na ndani baba mdogo akaita, "Manka! Hizo takataka zimeisha?" Yule mama akatabasamu, akasema, "Nenda mwanangu, usigombezwe kwa ajili yangu," akaingia kwenye watu. Kariakoo mtu akishaingia kwenye watu, humpati tena.

Sikujua kwamba Elia alisikia kila neno.

Kesho yake nilirudi sokoni na ndoo ya maganda, nikapanda juu, nikamkuta peke yake. Alikuwa ameshusha chupa kutoka kwenye boksi lililokuwa koridoni, ameifungua kwa meno, na anamimina. Hakunyunyiza, Baba, na hakuchanganya na maji. Alimimina vile vile ilivyo, beseni hadi beseni, mpaka kwenye ndoo ya sale, mpaka kwenye mrehani wa Ba. Mikono na mashavu yake yalikuwa yamelowa ile kitu. Nilimshika, nikamwosha kwenye bomba la tangi, namsugua na kumuuliza kwa nini, kwa nini, na nilimtikisa. Nilimtikisa vibaya.

Akasema, "Nimeongeza kipimo."

Nikamuuliza nani amekutuma.

"Hakuna. Nimeweka ili Baba asiwe mwongo."

Nilikaa chini kwenye zege. Yule mtoto alikuwa ameona jambo ambalo sisi wakubwa tulikuwa tunalizunguka, na akalitengeneza kwa njia pekee aliyoiona. Baba yake alisema mchicha umewekewa busta. Basi akauwekea. Nilipomwosha alikuwa anatabasamu, anasubiri nimsifu.

Ngozi yake iliwasha na ikawa nyekundu, lakini namshukuru Mungu haikuwa zaidi ya hapo. Mchicha haukupona. Ulianza pembeni, majani yakawa kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, kisha ukalala wote. Elia alikuwa anapanda kila akitoka shule, anashika shina moja moja. "Dada, umekula chakula cha moto?" Nikamwambia ndiyo. "Kama siku ile?" Kama siku ile. "Na nani ameupa?" Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, maana alijua.

Mrehani wa Ba nao ukakauka. Hetal amekatazwa kucheza na sisi. Ba hakutukana, alikuja tu na kikombe chake cha maji asubuhi, akasimama, akaumwagilia ule mti mkavu, akashuka. Nimemwomba radhi kwa niaba ya mtoto. Akaniambia, "Mtoto hapana kosa. Nani alileta chupa?" Sasa anafunga mlango wake tukipita.

Na baba mdogo? Nilijua atakasirika. Nilitamani akasirike, angalau nione kwamba kuna kitu kimeharibika. Alipanda, akatazama yale mabeseni, akagusa jani moja kwa ncha ya kiatu. Akasema, "Mngeniambia mapema nipige picha nyingine. Lakini zilizopo zinatosha. Picha haiungui." Kisha akasema niondoe mabeseni, anataka kuhifadhi maboksi pale juu. Ndiyo yale maboksi, Baba. Yako juu ya kichwa changu sasa hivi ninapoandika, yamepangwa pale palipokuwa na lundo letu, na moja lina jina lako kwa kalamu nyeusi.

Wewe ni mzee wa kanisa. Watu wetu hawatainunua kwa sababu ya picha, watainunua kwa sababu ni wewe umeishika. Sisemi kila chupa ya dukani ni mbaya, mimi sijui, huenda iko inayofaa kwa anayeijua. Ninachojua ni kwamba mchicha ule haukuwa wa busta. Kama mtu atakuuliza vile yule mama alivyoniuliza mimi, "Ulifanyaje?", utamjibu nini? Nisingependa usimame hapo niliposimama mimi na ufagio. Ni mahali pabaya sana, Baba, na hapaondoki ukishafagia.

Najua nikisema haya naweza kurudishwa nyumbani. Na huenda utanikasirikia kwa kukuondolea furaha uliyokuwa nayo, na kwa kumsema mdogo wako. Juu ya sale niliyoipokea nimewaza mpaka kichwa kikauma. Nimeona hivi, unisahihishe kama nimekosea: yale maneno makali aliyoniombea msamaha nimeyasamehe na siyafufui. Ila hakunipa jani kwa ajili ya yule mama, wala kwa ajili ya Elia. Hayo si yangu kuyamaliza.

Nisalimie Bibi, mwambie lundo liliiva kama alivyosema, asisikie mengine. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mama mkubwa anayeshona sare za kwaya, na mwalimu wangu wa kilimo ukikutana naye kwenye ibada. Mama msomee barua hii yote, usiruke sehemu za kumfanya alie. Yeye ana haki ya kulia.

Ndani ya bahasha utakuta jani la sale. Si lile la baba mdogo, lile bado liko kwenye Biblia yangu. Kila kitu paani kiliungua isipokuwa sale, majani ya chini yalikauka lakini katikati imechipua. Jani hili amelikata Elia mwenyewe. Fundo amelifunga yeye, limelegea, tafadhali usilicheke. Nilimwambia naandika kwa baba mkubwa wake akasema na yeye ana kitu cha kutuma. Anakuomba msamaha kwa kuunguza mchicha uliokufurahisha.

Huna ruhusa ya kumkatalia. Katika nyumba hii yote, ni yeye peke yake aliyeomba msamaha kwa kosa lile lile alilolifanya.

Mimi binti yako, ninayekuheshimu hata ninapokutia uchungu,

Manka